UZI: i5 ya kizazi cha 9 juu ya bodi ya H110, muuzaji asema "soketi ni moja". Nilipe?

binti_majengo

Salaam aleikum, na habari zenu nyote. Naomba ushauri kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kazi yangu ni kuediti video za harusi. Sipigi mimi, naletewa kadi na wapiga picha, nakata, natia muziki, narudisha. Sasa hivi ni Ramadhani na kazi imelala, lakini Mfungo Mosi ukiingia mwajua wenyewe Mombasa inavyokuwa, wikendi hakuna ukumbi mtupu. Laptopu yangu ni i5 ya kizazi cha 5 na imeshachoka. Nikicheza video, picha yaganda huku sauti yaendelea.

Bajeti ni elfu thelathini, haiongezeki. Tayari n'na kasha kuukuu na pawasaplai yake, SSD ya SATA ya GB 480, skrini ya inchi 22 yenye tundu la VGA peke yake, na kipande kimoja cha RAM ya DDR4 GB 8 alichonipa kaka yangu. Kilichobaki ni prosesa, bodi (ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote), na RAM nyengine kidogo.

Kuna muuzaji amenitumia picha WhatsApp: prosesa i5-9400F iliyotumika, pamoja na bodi ya H110. Bei yake nzuri sana. Nimemuuliza kama vitu hivi vyaenda pamoja, akanijibu: "Dada, zote ni 1151, chanda na pete." Ataka nitume M-Pesa leo leo kwa kuwa kuna mteja mwengine anaingoja.

Nilipe?

kaskazi_baridi

Huyo mteja mwengine namjua. Amekuwa akingoja kila kitu ninachotaka kununua tangu nianze kununua vitu kwa simu.

fundi_mwembetayari

Usilipe, dada.

Chanda chaingia kwenye pete, hapo hakukudanganya. Ukiiweka 9400F kwenye soketi ya H110, lile tundu la kuwekea prosesa, itakaa sawasawa, mkono wa chuma utafunga, feni itazunguka. Skrini ndiyo haitaonyesha kitu. Utakaa hapo ukibadilisha RAM na nyaya ukidhani kosa ni lako.

Intel ilitoa soketi ya LGA 1151 mwaka 2015 kwa kizazi cha 6, na kizazi cha 7 kikafuata humo humo. Bodi zake ni za chipseti (chipu kuu inayoiendesha bodi) kama H110, B150, B250, Z170 na Z270. Mwishoni mwa 2017 kikaja kizazi cha 8, kisha cha 9, na soketi bado ikaitwa 1151. Lakini kazi za baadhi ya pini zilibadilishwa na za umeme zikaongezwa, kwa sababu prosesa zilitoka kori 4 (kori ni kitengo cha kazi ndani ya prosesa) zikaenda 6 na baadaye 8. Chipseti za vizazi hivyo viwili ni H310, B360, B365, Z370, Z390 na ndugu zao. Kundi la kwanza na la pili haliingiliani, si kwenda wala kurudi. Wapo watu mtandaoni wanaoziba pini kwa utepe na kuandika upya BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha bodi, ili zikubaliane. Hao wana muda na bodi za kuharibu. Wewe una harusi za watu.

La pili ni herufi F hapo mwisho. Prosesa ya Intel yenye F haina grafiki ya ndani. Hata ungepata bodi ya B365 inayoikubali, usingepata picha mpaka ununue kadi ya grafiki, na sijaona kadi kwenye orodha yako. Hiyo bei nzuri huenda ndiyo sababu yake.

binti_majengo

Ahsante sana kaka. Nimemwambia muuzaji maneno yako kuhusu chipseti, amesoma na hakunijibu.

Sasa mimi nisiyejua chipseti, nikiwa nimesimama dukani, nitajuaje kipi chakubali kipi?

fundi_mwembetayari

Huna haja ya kukariri. Kila kampuni inayotengeneza bodi, iwe ASUS, Gigabyte, MSI au ASRock, ina ukurasa wa kila bodi kwenye tovuti yake, na humo mna orodha ya prosesa zote zinazokubalika. Kando ya kila prosesa wameandika toleo la BIOS ambalo lilianza kuikubali. Orodha hiyo ndiyo hakimu. Fundi akisema yaingia na orodha yasema hapana, fuata orodha, hata fundi mwenyewe nikiwa mimi.

Ila ifungue kwa jina kamili la bodi. Jina limeandikwa kwenye bodi yenyewe, kwa rangi nyeupe, mara nyingi katikati ya matundu ya RAM na ya kadi au karibu na soketi. Usikubali kuambiwa tu "ni H110". Zipo H110 za DDR4 na zipo za DDR3, na kipande chako cha DDR4 hakiingii kwa DDR3 hata ukikigeuza, ule mkato wa katikati uko mahali pengine. Gigabyte huchapa pia namba ya toleo la bodi pembeni, kama "REV 1.0". Bodi mbili zenye jina moja na toleo tofauti zaweza kuwa na orodha tofauti, kwa hivyo iangalie nayo.

Nimezoea kuwaambia wateja wachague bodi kabla ya prosesa, hasa pesa ikiwa ndogo. Prosesa zilizotumika ni nyingi na hazifi ovyo. Bodi ndizo zinazokufa. Ndiyo maana utakuta prosesa za kizazi cha 6 na 7 zinauzwa bei ya kutupa, ilhali bodi nzima ya kuziwekea yauzwa kama mpya.

mtwapa_gemu

Mbona mwazungumza Intel peke yake? Kwa bajeti ndogo AM4 ya AMD ndiyo jibu. Soketi moja imedumu tangu Ryzen za kwanza 2017, na hata 2024 bado walikuwa wanatoa prosesa mpya za AM4. Wanunua bodi ya B450 leo na Ryzen ya bei nafuu, mwakani wabadilisha prosesa tu, bodi na RAM ni ile ile. Intel katika muda huo amekupitisha 1151 mbili, 1200 na 1700.

Dada atafute Ryzen 5 5600G. Kori 6, thredi 12, ina grafiki ndani. Mimi nacheza eFootball na GTA V kwa 5600G bila kadi yoyote.

fundi_mwembetayari

Sina ugomvi na AM4, naiuza. Lakini mwambie dada na mitego yake.

Herufi nazo zasemea huko. 5600 na 5600X hazina grafiki, 5600G inayo. 5500 pia haina, ingawa kwa ndani ni kama 5600G iliyozimwa grafiki.

Bodi za A520 na B550 hazikubali Ryzen za mfululizo wa 1000 na 2000, wala 3200G na 3400G. Watu hudhani 3200G ni "Ryzen 3000" kwa sababu ya namba, kumbe ndani ni teknolojia ya mfululizo wa 2000. Bodi za zamani kama A320 na B350 nazo zaweza kukubali Ryzen 5000, maana AMD ilifungua mlango huo 2022, lakini ni mpaka BIOS iwe imesasishwa. Na BIOS huisasishi bila prosesa ya zamani inayowaka, isipokuwa bodi iwe na kile kitufe cha kuandika BIOS kwa fulashi bila prosesa. MSI, ASUS na Gigabyte wanacho kwa baadhi ya bodi, kila mmoja kwa jina lake. Kwa hiyo ukinunua AM4 ya mtumba, bodi na prosesa zinunue pamoja zikiwa zinawaka mbele yako.

Mtego wa mwisho wengi hawaujui. Ryzen zenye neno PRO zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi za Lenovo, baadhi yake zimefungwa kwa usalama wa AMD zisiwake kwenye bodi ya kampuni nyengine. Prosesa ni nzima, pini zote zimenyooka, lakini nje ya Lenovo haiwaki. Ukiona 4650G PRO bei ya ajabu, uliza imetoka wapi.

mtwapa_gemu

Hiyo ya Lenovo sikuijua. Naiweka akilini.

ami_changamwe

Watoto wangu, mwamzungusha binti wa watu. Elfu thelathini, kazi ni ya kuleta riziki, mambo ya bodi na prosesa ya nini? Achukue mashine nzima ya ofisi, zile ex-UK, zilizotumika Uingereza. Dell OptiPlex 3060 au HP ya G4, ndani mna i5-8500, kori 6, grafiki ipo, Windows ina leseni yake. Windows 11 yaanza kizazi cha 8 kwenda juu na Windows 10 imesimamishwa masasisho tangu Oktoba 2025, kwa hivyo chini ya kizazi cha 8 asiguse. Achomeke SSD yake na kipande chake cha RAM aanze kazi Jumatatu. Bodi na prosesa zimeoanishwa na kiwanda, hakuna cha kukisia.

Mimi ofisini tumezinunua hizo, za kizazi cha 4 bado zaandika ankara mpaka leo.

fundi_mwembetayari

Ami, kwa ankara na shule na saiba sina jibu zaidi ya hilo lako. Mtu akinijia hajui anachotaka, namuuzia hiyo.

Ajue tu kwamba kile kikasha akikinunua ndicho hicho hicho. Pawasaplai za Dell na HP nyingi zina plagi zao wenyewe, si ile ya pini 24, kwa hivyo kasha na pawasaplai ya dada zitakaa kabatini. Zile nyembamba hupokea kadi fupi tu. Bodi ikifa, yataka bodi ya modeli ile ile.

Lakini kabla hatujaendelea kubishana. Dada, hao wapiga picha wako wanatumia kamera gani?

binti_majengo

Wawili wananiletea video za Canon R6, mmoja ana kamera ya zamani ya Canon ambayo haina shida sana. Zinazoniua ni za R6. Hasa wakiniambia wamepiga "log", zile picha zilizofifia zinazotiwa rangi baadaye.

Naediti kwa Premiere.

fundi_mwembetayari

Ningekuuliza hili mwanzo.

R6 ikiwekwa log hurekodi H.265 ya biti 10, rangi 4:2:2. Video ya namna hiyo ni nzito kufungua kuliko kuikata. Prosesa ikiifungua kwa nguvu za kori zake, hata kori 6 zatoka jasho. Kinachookoa ni sehemu maalumu ndani ya grafiki inayofungua video, na si kila grafiki ina sehemu inayojua H.265 ya 4:2:2. Grafiki ya i5-8500 haijui. Ya 5600G haijui. Hata kadi nyingi za NVIDIA zilikuwa hazijui mpaka mfululizo wa RTX 50. Grafiki za ndani za Intel kwenye kizazi cha 11 cha kompyuta za mezani, na cha 12 kuendelea, zajua. Premiere huitumia.

Ndiyo maana kwa kazi yako i3-12100 yenye kori 4, isiyokuwa na F, itacheza video za R6 vizuri kuliko prosesa zenye kori nyingi zaidi mlizozitaja hapa. Kwa gemu ningesema vingine. Kwa Photoshop na mabango ningesema mchukulie Ami maneno yake.

Basi soketi yako ni LGA 1700. Bodi ya bei ya chini ni H610. Hapo pana mambo mawili ya kuangalia kwenye boksi.

1700 ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5. Prosesa yakubali zote mbili, bodi yakubali moja tu. Wewe tafuta yenye DDR4 au D4 kwenye jina, kwa sababu una kipande mkononi na RAM tangu mwisho wa 2025 imepanda bei dunia nzima, viwanda vinakimbilia seva za akili mnemba. Kile kipande cha kaka yako leo kina thamani kuliko alipokutolea. Hakikisha tu ni kirefu, cha kompyuta ya mezani. Vifupi ni vya laptopu.

Na BIOS: H610 ilitoka kwa ajili ya kizazi cha 12, kwa hivyo 12100 yawaka bila kusasisha chochote. Kizazi cha 13 na 14 huingia soketi hiyo hiyo, ila bodi iliyokaa dukani muda mrefu yaweza kutaka BIOS mpya kwanza. Hiyo ndiyo njia yako ya kupanda baadaye, i5-12400 au 13400 ya mtumba bei zikishuka.

kaskazi_baridi

Kumbe tumebishana posti zote hizi na jibu lilikuwa kwenye kamera.

jirani_wa_tudor

Samahani kuingilia. Kuna hizi bodi za Kichina za X99 zauzwa pamoja na Xeon E5-2670 v3, kori 12, na RAM juu. Kwa video si kori 12 zashinda i3?

fundi_mwembetayari

Xeon hiyo ni ya 2014. Haina grafiki, kwa hivyo kadi yanunuliwa, na sehemu ya kufungua video haipo. Yala wati 120 peke yake. Bodi zenyewe nyingi zimeundwa kwa chipseti zilizobanduliwa kwenye bodi kuukuu, nyengine hata si X99 kweli. Kwa mtu anayerenda uhuishaji usiku kucha na halipi tokeni yeye, sawa.

jirani_wa_tudor

Tokeni nalipa mimi. Nimeelewa.

binti_majengo

Nimezunguka leo. Bei sitaziandika, maana nimeambiwa tatu tofauti kwa kitu kimoja katika barabara moja, na nilipowapigia Nairobi nikapata ya nne, kifurushi juu ya basi sijahesabu.

Nimeona H610 mpya ya DDR4, na i3-12100 ambayo haina boksi, iko kwenye kiplastiki tu. Muuzaji asema ni mpya ya "trei". Pia kuna i3-12100 iliyotumika kwenye bodi tayari, imetolewa kwenye kompyuta ya saiba ya Nyali, bei chini zaidi. Nimeipenda ya pili, lakini naogopa.

fundi_mwembetayari

Trei si vibaya, ni ile inayouzwa viwandani kwa wingi. Inakosa feni tu, ya boksi huja nayo. Ongeza bei ya feni kabla ya kulinganisha.

Hiyo ya Nyali, nenda na tochi ya simu. Mwambie muuzaji atoe prosesa mbele yako. Kwa Intel pini ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa, na ziko 1,700 ndani ya mraba mdogo. Usiangaze kutoka juu, ukiangaza kutoka juu zote zang'aa na huoni kitu. Weka tochi pembeni, karibu iguse bodi, mwanga upite juu juu ya pini, kisha inama utazame kwa upande. Pini zilizonyooka zatengeneza mistari. Iliyolala yakatiza mstari, utaiona hapo hapo hata kama hujawahi kuona soketi. Rudia kwa upande wa pili. Moja ikilala, mara nyengine tundu moja la RAM ndilo linalokufa, mashine yawaka na muuzaji akuonyesha Windows, nawe hujui mpaka uongeze kipande cha pili. Kwa hivyo jaribu matundu yote mawili ya RAM kabla ya kulipa.

Halafu geuza bodi utazame nyuma. Hapa pwani ndiko ninakokuta shida ambazo wenzetu wa bara hawazijui. Kompyuta iliyokaa karibu na bahari, dirisha wazi, upepo wa chumvi waingia, huanza kuota ukungu wa kijani kwenye soda na kwenye tundu za USB. Skrubu za kasha zikiwa na kutu ya kahawia, tazama bodi mara mbili. Kijani kidogo kwenye tundu husafishwa kwa spiriti na brashi ya meno. Kijani chini ya soketi au kando ya chipseti, iache hapo hapo.

ami_changamwe

Hilo la chumvi ni kweli. Mashine ya dirishani ilikufa, ya ndani kabati iko hai.

mtwapa_gemu

Niongeze kwa wa AM4 wanaosoma. Huko pini ziko chini ya prosesa yenyewe. Ukivuta feni ikiwa baridi na ile pesti imekauka, prosesa yang'oka na feni, soketi ikiwa bado imefungwa, pini zalala. Iwashe kwanza ipate joto, uzime, uchomoe waya, kisha uzungushe feni kushoto kulia polepole ndipo uinue. Pini ikilala kidogo, kalamu ya risasi ya kubonyeza, ukitoa risasi yake, bomba lake huingia kwenye pini ukainyoosha taratibu.

binti_majengo

Niko dukani sasa hivi. Pini zimenyooka, nimefanya kama ulivyosema, kijana wa duka akaniuliza nimesomea wapi.

Bodi ni H610 ya DDR4, ina VGA na HDMI nyuma, kwa hivyo skrini yangu haihitaji kigeuzi. Prosesa imeandikwa i3-12100 bila F. Matundu mawili ya RAM. Swali: pawasaplai yangu ya zamani ina plagi ya pini 4 pale ya prosesa, bodi ina tundu la pini 8.

fundi_mwembetayari

Ya pini 4 huingia nusu ya tundu la 8. Kwa 12100 kwa kawaida yawaka bila shida, kwa sababu hiyo haifiki wati 90 hata ikikimbia. Kwa i7 nisingekuruhusu.

Lakini ni pawasaplai gani? Kama ni ile nyepesi iliyoandikwa 500W na ukiinyanyua ni kama boksi tupu, nitabana mahali pengine ili niibadilishe. Stima yetu hapa inavyopanda na kushuka, pawasaplai mbovu haifi peke yake, yaondoka na bodi. Punguza RAM sasa, anza na GB 8 za kaka yako na nyengine 8 baadaye, ununue pawasaplai yenye jina.

binti_majengo

Ni nyepesi sana.

Sawa. Wamenipa siku saba za kurudisha, wameandika kwenye risiti namba za bodi na za prosesa. CPU-Z, programu ya kutambua prosesa na RAM, wamenionyesha inasoma 12100, kori 4, thredi 8. Nalipa.

kaskazi_baridi

Yule mteja mwengine amekasirika huko aliko.

binti_majengo

Mrejesho, maana wengine huomba msaada wakapotea.

Imewaka. Nimepata pawasaplai nyengine, na kipande cha RAM cha pili nimekipata kwa jamaa aliyekuwa anauza, GB 8 DDR4. Video za R6 zacheza bila kuganda, kwenye Premiere nimehakikisha kufungua kwa Intel kumewashwa kwenye mipangilio. Zile za tabaka tatu na rangi juu bado zashikashika, hapo natumia proksi, nakala nyepesi za video.

Feni ina kelele mchana, joto la kaskazi hili, chumba changu hakina AC. Na swali moja la mwisho: hiki kipande cha pili kimeandikwa 3200, lakini BIOS yaonyesha 2400. Nimeuziwa feki?

fundi_mwembetayari

Si feki. Fungua CPU-Z, sehemu ya SPD, utazame kila tundu peke yake. Nadhani utakuta kipande cha kaka yako ndicho 2400, na vipande viwili hutembea kwa mwendo wa yule wa polepole. Usikitoe. Viwili pamoja kwa 2400 ni bora kwa grafiki yako ya ndani kuliko kimoja cha 3200 peke yake, na GB 8 kwa Premiere hazitoshi.

Kelele ya feni: kasha kuukuu, feni ya nyuma ipo? Mengi ya zamani yana tundu tu. Tia moja ya milimita 120 itoe joto nje. Na ukiwa ndani ya BIOS usiguse kusasisha chochote, mashine inawaka na prosesa yako imo kwenye orodha tangu toleo la kwanza. Stima ikikatika katikati ya kuandika BIOS, tutaonana Mwembe Tayari.

jirani_wa_tudor

Fundi, na mimi n'na OptiPlex 7050, ina i5-6500. Nimepata i7-8700 kwa bei nzuri, nayo ni 1151...

fundi_mwembetayari

Rudi juu kabisa usome posti yangu ya kwanza. 7050 ni chipseti ya Q270. Mwisho wako ni i7-7700, nayo itafute isiyo na K.